Maji Kwanza, Rangi Baadaye

Kabla hujafungua sanduku la chambo, teremsha sahani majini.

Sahani yoyote nyeupe ya enameli itafaa, hasa ile iliyokwisha kubanduka pembeni na haitakiwi tena jikoni. Itoboe katikati kwa msumari, pitisha kamba ya katani, funga jiwe upande wa chini ili izame ikiwa imelala, kisha piga fundo kila baada ya robo mita. Iteremshe upande wa mashua wenye kivuli, polepole, na uvue miwani ya jua kwanza. Weupe utaanza kufifia. Sahani itageuka rangi ya chai, au kijani ikiwa ziwa limejaa mwani, halafu ukingo wake utapotea, na mwisho utabaki unakodolea maji matupu. Ivute juu hadi uione tena, kisha hesabu mafundo yaliyozama.

Kipimo hiki ni cha zamani. Mwaka 1865 padri wa Kiitaliano aliyekuwa pia mwanafalaki, Angelo Secchi, alikuwa ndani ya meli ya Papa katika Bahari ya Mediterania akiteremsha visahani ili kujua bahari inapitisha mwanga kiasi gani. Wataalamu wa maziwa wanakitumia kisahani chake mpaka leo, ila sasa robo zake hupakwa nyeusi na nyeupe kwa kupokezana. Mvuvi hahitaji usahihi wa maabara. Yeye anataka kujua tu kama samaki aliye chini ataona kitu kikiwa mbali, kikiwa karibu, au asikione kabisa mpaka kimguse pua. Kina cha sahani hakilingani moja kwa moja na upeo wa macho ya samaki, lakini ni afadhali mara nyingi kuliko kukisia ukiwa umesimama gatini.

Nahodha mmoja wa Naivasha, kijana aliyezoea kuwapeleka watalii kutazama viboko, alinitazama nikishughulika na sahani yangu mpaka uvumilivu ukamwishia.

“Mzee, leo tunapika ama tunavua?”

Nikampa kamba aishike mwenyewe. Mafundo mawili yakazama, la tatu likabaki mkononi mwake, na sahani haionekani. Akatazama maji, akatazama sanduku langu lililojaa vidude vya kila rangi.

“Sasa hapa besi ataonaje hizi rangi zote?”

Aliuliza vizuri kuliko waandishi wengi wa majarida ya uvuvi. Wengi wetu tunaanza na rangi kwa sababu ndiyo inayotuita dukani. Mimi naiweka mwisho. Kwanza nataka kujua leo samaki anategemea hisi gani kuwinda, pili amejibanza wapi, tatu anakula nini. Hayo matatu yote yanajibiwa na maji, na yakishajibiwa rangi hubaki jambo la kuchagua kati ya mbili au tatu.

Mgeni wa mwaka 1929

Besi ninayemzungumzia ni yule mwenye kinywa kipana, Micropterus salmoides kwa jina la kisayansi, samaki wa Amerika Kaskazini mwenye mgongo wa kijani, tumbo jeupe na mabaka meusi yaliyoungana kama mstari ubavuni. Akifunga kinywa, taya lake hupita nyuma ya jicho. Aliletwa Ziwa Naivasha mwaka 1929 ili walowezi wapate samaki wa kuvua kwa mchezo. Ziwa hilo liko takriban mita 1,890 juu ya usawa wa bahari, na samaki mdogo wa kienyeji aliyekuwamo alionekana kwa mara ya mwisho mwaka 1962. Besi ni mmoja wa watuhumiwa wakuu wa kutoweka huko. Simtetei. Yupo, anavuliwa, analiwa, na anasumbua akili ya mvuvi kuliko samaki yeyote mwingine ziwani humo.

Tatizo ni kwamba karibu maarifa yote yaliyochapishwa juu ya kumvua yanatoka kwao. Marekani uvuvi wa besi ni mchezo wenye mashindano ya fedha nyingi, na rekodi zake watu huzitaja kwa heshima: besi wa George Perry aliyevuliwa Georgia tarehe 2 Juni 1932 alizidi kilo 10, na uzito wake haukufikiwa mpaka Manabu Kurita alipovua mwenzake katika Ziwa Biwa, Japani, mwaka 2009. Wengi wa Naivasha hawafiki hata theluthi ya hapo. Vitabu vya huko hupanga vyambo kwa majira: hiki cha machipuko besi anapotaga, hiki cha kiangazi, hiki cha majira ya baridi maji yanapokaribia kuganda. Sisi tuko chini kidogo tu ya mstari wa ikweta. Kalenda hiyo ukiifuata Naivasha utakuwa unavua ziwa la watu wengine. Kinachobadilika kwetu ni mvua, upepo, kina cha ziwa na uchafu wa maji, na mabadiliko hayo yanaweza kutokea kati ya kifungua kinywa na chakula cha mchana.

Uchafu huo una historia yake. Mwaka 1970 aliletwa kamba wa maji baridi, yule mwekundu mwenye magando, ambaye asili yake pia ni Amerika. Akazaliana, akala mimea iliyokuwa ikiota chini ya maji pamoja na mayungiyungi, na kufikia mwanzo wa miaka ya 1980 sehemu kubwa ya bustani hiyo ya chini ilikuwa imekwisha. Mimea hiyo ndiyo iliyokuwa ikishikilia tope. Baadaye, mwanzoni mwa miaka ya 2000, akaongezeka kapu, samaki anayetafuta riziki kwa kufyonza matope ya chini na kuyatema. Huku nako mafunjo yaliyokuwa yakichuja maji ya mito yamekatwa na kulishwa mifugo sehemu nyingi za ukingo. Basi besi, mwindaji anayependa kutumia macho, amejikuta katika ziwa ambalo mara nyingi macho yake hayafiki mbali. Mvuvi asiyekubali jambo hilo ataendelea kununua rangi.

Sahani ikionekana mbali

Tuanze na siku nzuri. Januari au Februari, hakujanyesha kwa majuma, na uko katika ghuba ya Crescent Island, ambayo ni kasoko ya volkeno iliyozama na ndiyo sehemu yenye kina kirefu zaidi ziwani. Sahani inashuka fundo baada ya fundo na bado unaiona. Furaha hiyo isikudanganye. Maji maangavu ni mtihani mgumu, kwa sababu wewe pia unaonekana, mashua inaonekana, mshipi unaonekana, na chambo kinakaguliwa.

Hapa umbo na mwendo ndivyo vinavyofanya kazi. Tumia kitu kidogo, chembamba, chenye rangi ya kitu kilicho hai: mgongo wa kijani au kahawia, ubavu wa fedha hafifu, tumbo jeupe. Rusha mbali na mashua. Mshipi uwe mwembamba. Na hapa kuna jambo ambalo wanaoanza hulikataa kabisa mpaka wajionee: vuta haraka. Ukikivuta polepole unampa besi nafasi ya kukifuata, kukitazama pande zote na kukiacha. Kikipita mbio akiwa hajakitarajia, hana muda wa kutafakari, na asili yake ni kukimbilia kinachokimbia.

Chambo cha aina hii kina baba yake. Lauri Rapala, mvuvi wa Ufini, aliona kwamba samaki wakubwa, wakiwa katikati ya kundi zima la vidagaa, humrukia yule anayeyumba. Mwaka 1936 alichonga kwa kisu samaki wa gome la mti, akamfunika kwa karatasi ya fedha ya chokoleti, akampaka filamu za picha zilizoyeyushwa kwa kukosa vanishi. Kilichokifanya kiwe bora ni kuyumba kwake, na Rapala alikuwa akijaribu kila kimoja majini kabla ya kukitumia. Ukinunua cha kiwandani leo, fanya kama yeye. Kivute ubavuni mwa mashua kwa mita mbili tatu. Kikilalia upande mmoja, pinda kidogo kile kipete cha mbele kwa koleo kuelekea upande wa pili, kisha jaribu tena. Chambo cha bei kubwa kinachokwenda mshazari ni takataka, na cha bei ndogo kinachoyumba sawasawa kinaua.

Jua likipanda, besi wa maji maangavu hushuka au huingia kivulini, na hapo utatumia kile kilichobuniwa Marekani na Nick Creme mwaka 1949: mnyoo wa plastiki laini. Uchomeke kwenye ndoana moja bila risasi yoyote, uutupe kando ya kivuli, uache uzame kwa uzito wake mwenyewe. Usiuvute. Tazama mshipi ulipoingia majini. Ukienda kando, au ukilegea kabla mnyoo haujafika chini, kuna mtu ameuchukua.

Kuhusu rangi katika maji haya, kumbuka jambo moja la fizikia: nyekundu ndiyo rangi inayomezwa na maji kwanza. Chambo chekundu kilichong'aa mkononi mwako, kikishuka mita kadhaa huwa cha kijivu kilichokolea. Hakijaharibika. Ila kama ulikilipia kwa ajili ya wekundu wake, wekundu umebaki juu.

Sahani ikipotea mapema

Sasa tuje kwenye Naivasha ya siku nyingi za mwaka, ambapo mafundo mawili au matatu yanatosha kuificha sahani. Hapa besi anawinda kwa ngozi na masikio. Kutoka nyuma ya kichwa chake hadi mkiani kuna mfululizo wa vitundu, huitwa mstari wa ubavu, na ndani yake kuna vinywele vya hisi vinavyotikisika maji yanaposukumwa na kitu kinachopita. Hisi hii ni kali lakini ni ya karibu, takriban urefu wa mwili wake mara moja au mbili. Sauti husafiri mbali zaidi na kwa kasi, zaidi ya mara nne ya kasi yake hewani. Kwa hiyo chambo cha maji ya tope kinatakiwa kifanye mambo mawili: kipige kelele ya kumwamsha samaki, na kisukume maji ya kutosha ili akifika karibu akipate bila kukiona vizuri.

Silaha yangu ya kwanza hapa ni chambo cha bapa: waya uliopindwa, upande mmoja una ndoana iliyovikwa sketi ya nyuzi za mpira, upande wa pili una bapa la chuma linalozunguka. Bapa lina maumbo. La jembamba, lenye umbo la jani, huzunguka kwa kasi na kumetameta sana lakini halisukumi maji mengi. La duara huzunguka taratibu kwa kishindo unachokisikia kwenye kiganja kupitia ufito wote. Maji maangavu yanataka jani. Maji ya tope yanataka duara, tena kubwa kuliko unavyodhani inafaa. Livute kwa mwendo mdogo kabisa unaoruhusu bapa lizunguke. Ukiacha kusikia kile kishindo kiganjani, ama umelegeza mno, ama bapa limenasa jani, ama samaki amekuja nacho kuelekea kwako. Katika hali zote tatu, vuta.

Kuna pia vyambo vya mbizi, vya umbo la samaki mnene mwenye ulimi wa plastiki mbele na vigololi vya chuma tumboni vinavyolia. Ulimi mfupi uliosimama huzamisha chambo kidogo tu. Ulimi mrefu ulionyooka mbele hukipeleka chini kabisa. Katika maji machafu chagua kile kitakachogonga. Nasema kugonga kwa makusudi. Kikigusa jiwe au kisiki, kikaparama na kubadili njia ghafla, ndipo besi aliyekuwa akikisikiliza hukivamia. Kinachoelea tu katikati ya maji bila kugusa kitu, ndani ya tope, ni sadaka.

Na kwa kuwa hisi ya ubavu ni ya karibu, mrusho mmoja hautoshi. Kwenye maji maangavu ukipitisha chambo mara tatu kando ya kisiki bila jibu, ondoka. Kwenye tope kisiki hicho hicho kipe mirusho kumi, kutoka pembe tofauti, kwa maana huenda tisa ilipita nje ya upeo wake.

Sasa rangi, maana najua mmekuwa mkingoja. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois, katika kazi iliyochapishwa mwishoni mwa miaka ya 2010, waliwafunza besi kuhusisha rangi fulani na chakula, kisha wakawachanganyia rangi nyingine waone kama watakosea. Jicho la besi lina aina mbili tu za seli za kutambua rangi, moja ya kijani na moja ya nyekundu. Waliofunzwa nyekundu hawakuhangaika, na wa kijani vivyo hivyo. Lakini waliofunzwa ile manjano-kijani inayowaka, inayopendwa sana madukani, waliichanganya na nyeupe, na waliofunzwa buluu waliichanganya na nyeusi.

Tafsiri yake kwa mfuko wako ni nyepesi. Kama una chambo cheupe, kile cha manjano-kijani cha umbo lile lile hakikuongezei kitu kikubwa. Na kile cha buluu chenye nakshi za kupendeza, samaki anakihesabu cheusi. Muuzaji atabisha. Mwache abishe.

Katika maji ya tope jekundu la mtoni, mwanga wa buluu ndio unaopotea kwanza na unaobaki umeegemea manjano na nyekundu. Kinachoonekana hapo ni kivuli cha kitu, kwa hiyo ninachukua nyeusi, au nyeupe kama kuna jua. Ile yenye kila rangi ya upinde wa mvua huwa kijivu tu mita moja chini.

Mstari wa Malewa

Kama ningeruhusiwa kuvua mahali pamoja tu Naivasha, ningechagua upande wa kaskazini, siku moja au mbili baada ya mvua kubwa kunyesha Nyandarua. Mto Malewa hushuka na udongo wa mashamba ya huko, na unapoingia ziwani maji hayachanganyiki mara moja. Unaona mstari: huku kahawia, huku kijani, na katikati povu, mabua na vipande vya mafunjo. Upepo wa mchana ukivuma, mstari huo hupinda na kuhama.

Mstari wa juu ni nusu ya habari. Maji ya mto yenye udongo mara nyingi huwa mazito na ya baridi kuliko ya ziwa, kwa hiyo huzama na kutambaa chini. Teremsha sahani upande wa kijani, karibu na mpaka, uone: fundo la kwanza inaonekana, la pili inaonekana, kisha inapotea ghafla, bila kufifia, kama iliyofunikwa kwa shuka. Umegusa paa la maji ya mto. Besi hukaa kwenye mpaka huo, upande wa kuona, akingoja perege wadogo wanaopita kando ya ukungu. Yeye anaona, wao, wakitoka kwenye tope, hawaoni.

Rusha chambo cha bapa ndani ya kahawia, mita kadhaa kupita mpaka, ukivute kitokee kwenye kijani. Kishindo kinamwambia besi kitu kinakuja kabla hakijaonekana, na kikichomoza kinachomoza mbele ya uso wake. Nyeupe ndiyo rangi ninayoanzia hapa kwa sababu inafaa pande zote mbili za mpaka. Ukiona mawimbi ya samaki aliyefuata akageuka, usimtupie kile kile. Mtupie mnyoo laini au kidagaa cha plastiki mahali pale pale aliposhindwa kuamua, maana upande huo wa mpaka ana macho, na macho yake yamekikataa kile cha kelele. Ni pahali pa nadra ambapo unahitaji vyambo vya maji ya aina mbili katika dakika moja, na ndiyo maana mimi huenda na fito mbili zilizokwisha fungwa.

Tumboni mna nini

Mpasue besi wa kula, mwenye ukubwa wa kutosha, kisha fungua tumbo lake kwenye ubao kabla ya kulitupa. Mara nyingi utakuta kipande cha gamba lililolainika, gando moja au mawili, na rojo la rangi ya kutu. Besi wadogo wa Naivasha hula sana wadudu wa majini. Wakikua huhamia kwa kamba. Hapo una jibu la swali la tatu, na linashinda katalogi yoyote.

Chambo cha kuiga kamba ni jigi: kichwa cha risasi kilichoyeyushwa kwenye shingo ya ndoana, sketi ya nyuzi, na nyuma yake kipande cha plastiki chenye vipapasio viwili. Kosa la kawaida ni kununua jigi nyekundu inayowaka kwa sababu kamba wa sokoni ni mwekundu. Kamba mkubwa ni mwekundu, naam, lakini wachanga, ambao ndio wanaomezeka kirahisi, ni wa kahawia au kijani cha tope. Jigi ya kahawia yenye uzi mmoja mmoja wa chungwa inatosha.

Muhimu zaidi ni mwendo. Kamba hatembei kama samaki. Hutambaa chini taratibu, akisimama, magando mbele. Akitishwa hukunja mkia na kuruka kinyumenyume. Basi iache jigi ifike chini, ivute kwa kusogeza ncha ya ufito kama shubiri moja, isimamishe. Ivute tena. Kisha itikise mara moja, ghafla, na uiache ianguke. Besi huichukua inapoanguka, na anavyoichukua si kwa mshtuko. Ni uzito tu ambao haukuwapo, kama umenasa jani bichi. Asubuhi za Julai, ukungu ukiwa umelala juu ya ziwa na vidole havifungi fundo, samaki naye amepoa na hataki kukimbizana. Hapo jigi ndiyo ya kwanza kutoka sandukuni, na husimamishwa muda mrefu kuliko subira ya wengi.

Miti, majani na dakika za alfajiri

Maji ya ziwa yalipanda sana kufikia mwaka 2020 yakameza migunga iliyokuwa nchi kavu. Leo miti hiyo imesimama imekufa majini, minandi wakiwa juu yake, na chini ya kila mmoja kuna kivuli na mizizi. Ni makazi bora ya besi na makaburi ya vyambo. Chochote chenye ndoana tatu tatu zinazoning'inia, kiache sandukuni. Chukua mnyoo wa plastiki, pitisha ndoana kichwani, izungushe, kisha rudisha ncha ndani ya mwili wa mnyoo ili isitokeze. Wavuvi wa Texas ndio walioeneza mtindo huu. Ncha iliyofichwa hupita kwenye matawi bila kushika, na samaki akiuma, plastiki hukunjika na ncha ikatoka. Tanguliza kirisasi chenye umbo la risasi ya bunduki ili kipenye.

Juu ya zulia la magugu maji tumia chura wa mpira mwenye tumbo tupu, ambaye ndoana zake mbili zimelala mgongoni. Mburute juu ya majani, msimamishe kwenye kila tundu la maji. Besi hutokea kwa kishindo kinachokufanya uvute papo hapo, na ukivuta papo hapo unampokonya chura kinywani. Ngoja mpaka usikie uzito. Ni rahisi kuandika.

Kuna dakika kama arubaini hivi za alfajiri, kabla upepo haujaamka, ambapo ziwa ni kioo na besi wako karibu na uso. Hapo ni popa: chambo kinachoelea chenye mdomo uliobonyea, ukikishtua kinabugia maji na kutoa mlio. Kishtue, kisha usikiguse mpaka viduara vyote vya mawimbi viishe. Samaki anakitazama kutoka chini dhidi ya mbingu inayopambazuka, kwa hiyo anaona umbo jeusi tu. Nakshi zote zilizopakwa mgongoni ni kwa ajili yako. Upepo ukianza kukunjakunja uso wa maji, popa haisikiki tena, na ni wakati wa kurudi kwenye bapa.

Jambo la mwisho ni la fedha. Hasara kubwa katika uvuvi huu haiko dukani, iko mitini. Chambo kikinasa, usivute kwa nguvu, maana unazidi kuizamisha ncha. Legeza mshipi kabisa, mwambie nahodha azungushe mashua upande wa pili wa kisiki, kisha vuta kutoka kule kilikoingilia. Vingi hutoka hivyo. Kilichokataa, kifuatie kwa pete nzito ya risasi iliyofungwa kamba, uitelezeshe juu ya mshipi mpaka ikigonge na kukifungua. Kwenye ukingo wa mafunjo sheria ni nyingine. Viboko hushinda humo mchana, na nahodha huwasikia kabla yako. Akisema tuondoke, kata mshipi hapo hapo, hata kama ni kile chambo ulichoagiza kutoka ng'ambo, na mjadala wa bei mkaufanyie gatini.